Friza la Wifi, Mbuzi ya Mavyaa

Friza lilikwama ngazini Alhamisi ya mwisho ya Shaabani, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, na kwa saa nzima na ushei hapakuwa na mtu aliyeweza kupanda wala kushuka katika jumba letu la Shimanzi, Mombasa. Jirani wa ghorofa ya nne alisimama juu yetu na kikapu cha sokoni mkononi, keshachelewa. Chini yetu alikuwa kijana wa gesi, begani ana mtungi wa kilo 13, na kilo 13 hizo ni za gesi peke yake. Chuma chake nacho kina uzani wake, karibu sawa na huo. Akautua, akaukalia. Nje, matrela ya bandari ya Kilindini yalipiga honi kutafuta njia baina ya magodauni, na ndani ami yake bwana'ngu alipiga kelele kuyashinda: "Kushoto! Kushoto kwangu mimi, si kwako!"

Friza lilikuwa la wifi yangu. Kila Ramadhani yeye huuza mabarafu ya ukwaju na ya ubuyu, na miaka yote alikuwa akiomba nafasi kwenye friji za majirani. Mwaka huu aliamua kujitegemea, akanunua friza la mlango wa juu, kilo 58 kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ubavuni. Vijana wa lori walilishusha mlangoni wakasema kazi yao imekoma hapo. Hamali aliyekuwa akipita alitaja bei ya kulipandisha. Wifi akakataa katakata.

"Nilipe hamali, na hawa wanaume nnaowapikia kila siku wako ndani?"

Wanaume wenyewe walikuwa mwanangu wa miaka 17 na rafiki zake wawili, vijana wa jimu, vifua vimetuna, mikono imejaa shati. Bwana'ngu alikuwa zamu bandarini. Ami akajipa uongozi.

Nataka nieleze vizuri kilichotokea pale ngazi inapokata kona, kwa sababu yote yaliyofuata nyumbani mwetu yalianzia hapo. Vijana wale wana nguvu. Lakini nguvu zao zimejengwa kifuani na mikononi, mbele ya kioo. Miguu haikufunzwa kitu. Mwanangu ndiye aliyeshika upande wa chini. Aliinama kiunoni, magoti yamenyooka, friza liko mbali na kifua chake kwa urefu wa mikono. Na uzani hauhesabiwi kwa kilo tu. Kilo 20 ukizishika sentimita 50 kutoka kiunoni, zaudai mgongo maradufu ya kilo zizo hizo ukizishika sentimita 25. Yeye alikuwa amebeba zaidi ya 20. Mgongo ukatetemeka, kiganja kikateleza kwa jasho, kona ikashuka, na mguu mmoja wa friza ukaingia baina ya nondo mbili za ukingo wa ngazi, ukanasa. Likawa halipandi, halishuki.

Hapo ndipo tuliposikia sauti ya mavyaa kutoka juu.

"Mwanangu! Ndoo uniinue!"

Mavyaa wangu ana miaka 74. Wakati sisi tukihangaika na friza, yeye alikuwa jikoni juu ya mbuzi, akikuna nazi ya wali wa usiku. Aliyezoea nazi ya pakiti huenda amesahau mbuzi ilivyo: ubao uko chini mno, magoti yamepanda juu kuliko nyonga, na ili uinuke lazima mapaja na makalio yausukume mwili mzima kutoka karibu na sakafu. Kwa miaka kadhaa mavyaa alikuwa hainuki kwa miguu. Alishika ukingo wa meza ya jiko akajivuta kwa mikono, na mkono ukiweza, mguu haulizwi. Siku ile meza ilikuwa imetolewa ukumbini ili kupisha friza. Hakuwa na cha kushika.

Kitindamimba wangu, aliyekuwa amebaki naye juu, alishuka mbio mpaka upande wa pili wa friza. "Mama, bibi hawezi kuinuka. Nimemvuta mkono, hatoki!" Nikamwambia asimvute tena, amwekee mto ubavuni akae naye. Ami alitaka kupita juu ya friza. Jirani akamkataza, na alikuwa na haki, kwani nondo zilikuwa zimeanza kupinda.

Mimi ni karani katika godauni la chai, mtaa huu huu, na mahamali wengi wa Shimanzi nawajua kwa sura na kwa simu. Nikampigia yule yule aliyekataliwa.

Alikuja kwa mwendo wake. Ni mtu mwembamba, amepita hamsini, na usipomtazama shingo na viganja hutadhani kazi yake ni mizigo. Hakushika kitu mara moja. Alitazama kona, akatazama mguu ulionasa, akawaambia vijana waachie mmoja mmoja. Kisha akachuchumaa, nyayo zote mbili zimelala bapa, akaingiza bega chini ya kona iliyoshuka na kulikumbatia friza mpaka likamgusa kifua. Akavuta pumzi, akaizuia tumboni, akasimama. Kilichokunjuka ni magoti na nyonga. Mgongo ulibaki vile vile ulivyokuwa. Mguu wa friza ukatoka. Akalizungushia ukanda wa turubali, akalipa mgongo, akalipandisha mpaka jikoni huku mwanangu akilishikilia kwa nyuma. Alichukua bei aliyoitaja mwanzo, hakuongeza hata shilingi.

Mavyaa tulimkuta sakafuni. Alikuwa amejilaza ubavu akatoka kwenye mbuzi, akakaa miguu ameinyoosha, na bakuli la nazi amelisukuma mbali lisimwagike. Mimi na wifi tukamtia mikono kwapani tukamwinua. Nilihisi mikononi mwangu kwamba miguu yake haikutoa msaada wowote, na jambo hilo lilinitisha kuliko friza kunasa.

Usiku, baada ya isha, alituita.

"Leo nimenyanyuliwa kama gunia," alisema. "Sitaki tena. Yule hamali muulizeni, yuwafanya vipi?"

Huo ndio mwanzo wa vyuma katika nyumba yetu, na tangu hapo nimesoma na kuuliza mengi, kwa kuwa mavyaa hakubali jambo bila kuambiwa sababu. Binadamu huanza kupoteza misuli kuanzia miaka ya thelathini, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na akipita sitini upotevu huongeza kasi. Nguvu nazo hukimbia haraka kuliko nyama yenyewe. Hakuna homa, hakuna maumivu ya kumpeleka mtu hospitali. Kinachoonekana ni tabia kubadilika: mtu huanza kuchagua kiti kirefu, huacha ngazi, humtuma mtoto kilichoko chini, huswali juu ya kiti. Mavyaa alikuwa ameacha kusujudu kwenye mswala tangu mwaka uliotangulia. Tulisema ni magoti. Magoti yake, tulikuja kuambiwa, hayakuwa na ila kubwa. Mapaja ndiyo yaliyokuwa yamekwisha.

Mfungo Mosi ulipoanza, Idi imepita, tulimpeleka kwanza kwa daktari, kwani ana presha na sukari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkalisha kwenye kiti cha kawaida, mikono ameikunja kifuani, akamwambia asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Hakusimama hata mara moja. Niliona aibu usoni mwake, na yule mtaalamu naye akaiona. Akamwambia kwamba misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, kwa hiyo mwenye kisukari ana haja nayo zaidi ya mtu mwingine. Kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, na wazee hawakutolewa. Akaweka sharti moja: asizuie pumzi alivyofanya hamali. Pumzi ikizuiwa wakati wa kunyanyua, presha hupanda ghafula. Yeye atoe pumzi kila anapoinuka.

Ami alilipinga jambo hili tangu siku ya kwanza, na sikufichi, alilipinga kwa mapenzi. Ni mdogo wa marehemu mume wa mavyaa, amemheshimu shemeji yake maisha yake yote. "Mtu mzima hupumzishwa," alisema. "Mwili wake umeshafanya kazi. Nyama ya mzee haikui tena, ukiivuta huipasua." Nikamsomea, mezani, habari ya utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1990. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa makao ya wazee, umri wao kwa wastani miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzani mzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174. Misuli yenyewe ilinenepa, na wapo walioacha mikongojo yao.

Ami akanyamaza, kisha akasema wale ni Wazungu wa kula nyama kila siku.

Mavyaa akamjibu mwenyewe: "Na mimi ntakula."

Jambo la chakula si dogo, kwa kuwa misuli haijengwi kwa chai na mkate wa mayai peke yake. Bibi zetu wengi hujinyima. Samaki mzuri huenda kwa wanaume na watoto, bibi hubaki na mchuzi. Nilianza kumwekea kipande chake kabla sijapakulia mtu mwingine, na asubuhi mayai mawili au mbaazi za nazi. Hapo pia palitokea maneno, lakini nayapita.

Hofu ya pili ya ami ilikuwa mifupa. Marehemu dadake mavyaa alianguka msalani, akavunjika nyonga, akalala, na hakuinuka tena. Kwa hiyo kila akimwona shemeji yake ameshika kitu kizito, ami huona kitanda kile. Ukweli ni kwamba mfupa nao ni kiungo hai, husikia mzigo na hujiimarisha kwa ajili yake. Huko Australia, wanawake 101 waliokwisha koma hedhi na wenye mifupa dhaifu waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, chini ya usimamizi. Jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2018: waliobeba vizito mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka uimara, wa mepesi ikaendelea kupungua. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kila mwenye mama mzee alisikie. Mazoezi mepesi, yale ya kurushia mikono hewani tunayowapa wazee kwa kuwahurumia, hayautoshi mfupa. Mfupa wataka uzani.

Mwanangu naye akaleta hoja yake. Alimtafutia bibi yake kwenye simu picha za Hellen Wawira Kariuki, Mkenya mwenzetu, aliyetwaa medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, kwenye kunyanyua uzani kwa watu wenye ulemavu. Mwanamke mdogo wa umbo, amelala benchini, chuma kinashuka kifuani kisha kinapanda. Mavyaa alitaka aonyeshwe tena, na tena. Hakusema kitu, lakini ami aliacha kusema kwamba mambo haya ni ya wanaume.

Vifaa tulitengeneza wenyewe. Tulianza na kiti na mito miwili juu yake: akae, ainuke, mikono kifuani. Ilipokuwa nyepesi tukatoa mto mmoja, halafu wa pili, halafu tukaleta kiti kifupi. Baadaye likaja dumu la maji. Mtu yeyote wa Mombasa anaujua uzani wa dumu la lita 20, kwa kuwa mifereji yetu hukauka na maji hutujia kwa mkokoteni. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo dumu lenyewe ni mizani. Tulilijaza lita 5 kwanza. Lililojaa nusu lina matata yake, maji hukimbia huku na huko yakamyumbisha mtu, nasi tukagundua mchanga mkavu watulia zaidi na ni mzito zaidi, lita 10 hufika kilo 16 hivi. Dumu liliwekwa juu ya kibago asiiname sana, baina ya miguu yake. Alishuka kwa nyonga, akalishika, akasimama nalo. Mara 8, apumzike, mara 8 tena. Ikiwa mara mbili za mwisho hazimpi kazi, uzani ni mdogo; ikiwa mgongo wajikunja, ni mkubwa. Baina ya siku na siku alipumzika siku mbili kamili, maana mwili hujengeka ukiwa umepumzika.

Mwalimu wetu alikuwa yule hamali. Mavyaa alishikilia alipwe, na alipwe vizuri. Alikuja Jumapili alasiri, magodauni yamefungwa, akaketi sebuleni na kikombe cha chai, na aliona kosa la unyayo kabla hajaliona mtaalamu yeyote. "Bi mkubwa, kisigino chainuka." "Bi mkubwa, mzigo ulete kwako, usiuendee." Mwanangu, aliyekuja kutazama tu, aliambiwa achuchumae na dumu lililojaa kifuani. Alishuka mara nne miguu ikaanza kumcheza. Tangu siku hiyo alibadilisha mazoezi yake yote.

Siku moja mavyaa alimwambia hamali: "Wewe basi utafika miaka mia, kwa mazoezi haya ya kila siku."

Akaweka kikombe chini. "Mimi, mama, sijapata kufanya mazoezi. Nimefanya kazi."

Akatueleza. Gunia la mahindi ni kilo 90. Lori likija na magunia, huhesabiwi mara 8 ukapumzika; huhesabiwa mpaka lori liishe, na likiisha kuna jingine nyuma yake. Hupunguziwi ukiwa na homa. Huli samaki kwanza ndipo ubebe, wabeba ndipo upate cha kununulia samaki. Mgongo wake humwamsha usiku. Mguu wa kushoto una ganzi kuanzia pajani mpaka kidole. Alitufunza namna sahihi ya kunyanyua kwa sababu waliokuwa hawaijui, aliokuja nao mjini wakiwa vijana, walikwisha toka kazini zamani.

Sikulala vizuri usiku ule. Mimi ndiye ninayeandika hesabu za mizigo; najua kwa tarakimu kinachopita migongoni mwa watu hawa. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzani wa mzigo abebao mtu mmoja, na pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mzima kuwa kiwango cha juu. Nchi zenye kiwango kikubwa kuliko hicho zikatakiwa zikishushe. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzani wake waweza kumjeruhi. Na gunia la kilo 90 bado lapanda mgongoni Shimanzi kila asubuhi. Chuma kile kile kinachomrudishia mavyaa miguu yake kinaweza kumlemaza mtu mwingine, na tofauti iko katika nani anayepanga kiasi, nani anayeamua kupumzika, na nini kilichomo sahanini.

Mavyaa yeye hakushangaa. Babake alikuwa kuli wa Kilindini, zama ambazo kahawa na pamba ya Uganda ilipanda melini kwa mikono na kreni, kabla ya makontena. Mavyaa mwenyewe alikuwa mtoto mdogo wakati wa mgomo wa makuli wa Machi 1955, ule uliomleta Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kutoka Nairobi kuja kupatanisha, na kabla ya huo palikuwa na mgomo mkuu wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima. Nyumbani kwao hadithi hizo zilisimuliwa kila mwaka. Waligombania mshahara, alisema, lakini mamake siku zote aliongeza kwamba waligombania migongo pia. Babake alipofika umri ambao ami anao sasa, alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu vyake.

Akamuuliza hamali kama amepata kumwona daktari kwa ule mguu wa ganzi. Hajapata. Wiki ile ile akapelekwa kwa yule mtaalamu wetu, mavyaa akalipa. Sasa naye ana mazoezi aliyoandikiwa, mepesi kuliko kazi yake kwa mbali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anabeba kitu kwa faida ya mwili wake mwenyewe. Kazini hajaacha kubeba. Ana watoto wanaosoma.

Balaa la pili lilitoka kwa mwanangu. Alikuwa ametengeneza vyuma vya mtaani: makopo mawili ya rangi ya lita 4, yamejazwa saruji na kokoto, bomba limepita katikati. Kopo moja hukaribia kilo 10. Alivificha jikoni nyuma ya friza, na usiku mmoja akavivuta gizani kwa mkono mmoja. Vikamponyoka. Kopo moja lilipasua kigae cha sakafu, jingine likapiga dumu la maji likafunguka ubavu, na lita 20 zikatafuta njia mpaka dari ya jirani wa chini, zikamshukia kitandani. Alipanda kwetu saa sita za usiku, kanga ya kwanza kifuani, ya pili mkononi inachuruzika. Alisema aliyotaka kusema, na hakuna aliyemkatiza, kwani kila neno lilikuwa haki yake. Tulipaka dari yake rangi. Wiki kadhaa baadaye alipanda tena, sauti iko chini, akauliza kama mamake mzazi, aliyekuja kutoka Kisauni kukaa naye, anaweza kujiunga. Alikuwa ameanguka mara mbili bafuni.

Vyuma vilihamishiwa juu ya paa, penye kamba za nguo, kwa masharti ya mwenye nyumba: magunia matupu mawili yatandikwe chini, na kitu kisiangushwe. Alasiri jua likipoa huko juu utawakuta wanawake wa ghorofa zote, wakubwa kwa wadogo, na matangi ya mafuta ya Shimanzi upande mmoja na kreni za bandari upande wa pili. Wifi huleta mabarafu. Sasa mtungi wa gesi huupandisha mwenyewe kutoka mlangoni, ameushika karibu na kifua, na kijana wa gesi humfungulia njia. Ami hupanda kuhesabu. Hesabu yake ni kali, haikubali nusu. Tulimjaribu kiganja kwa chupa ya achari ya embe, akashindwa kuifungua, nikamsomea utafiti wa 2015 uliopima mshiko wa mkono wa watu karibu 140,000 katika nchi 17 ukakuta kwamba mshiko dhaifu hutabiri kifo vizuri kuliko kipimo cha juu cha presha. Hakujibu. Siku iliyofuata alikuja na dumu lake la lita 5.

Ilipofika Mfungo Sita, maulidi yanasomwa kila mtaa, mavyaa aliinua dumu lililojaa kutoka sakafuni, bila kibago. Kwa yule mtaalamu alisimama kitini mara 11 kwa sekunde 30. Amerudi kwenye mswala. Dawa za presha anameza vile vile, na daktari amemwambia asiziache. Sukari yake imeteremka kidogo. Mbuzi ameipokonya mikononi mwa wifi, anasema anakuna vibaya.

Sasa ameleta jambo jipya. Akiba yake ya miaka mingi inatosha Umra, na majirani wamemwambia kule Makka kuna viti vya magurudumu vya kusukumwa. Amekataa. Saa'yi baina ya Safa na Marwa ni safari 7, zote pamoja zipitazo kilomita 3, na anataka aziende kwa miguu yake, baada ya tawafu. Kwa hiyo hamali ameongeza siku ya ngazi: kupanda na kushuka ghorofa zetu nne, dumu dogo kila mkono. Ameniagizia begi la safari lisilozidi kilo 23, kipimo cha begi moja katika ndege nyingi, na kila jioni analijaza mchanga na kulipakia juu ya meza ya jiko, kwani ameazimia kulipandisha mwenyewe kwenye mizani pale uwanja wa ndege wa Moi. Bwana'ngu amepewa kazi ya pasipoti. Ami ameambiwa aje kuaga tu, mizigo haimhusu.